Nilimfundisha Kusema Hakuna Shida

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya kwanza ya Rula kazini. Nimemvua vifunika masikio. Mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, pale getini, kabla msimamizi hajatokea. Vile vya bluu, vinene, alivyovaa tangu ana miaka kumi na moja. Nikamwambia: kazini watu hawavai hivi, watakushangaa. Akanitazama begani (machoni hatazami, nimemzoeza bega, watu hawajui tofauti) akasema, "Hakuna shida."

Neno hilo nimemfundisha mimi. Miezi mitatu! Zamani ukimwuliza jambo, ama ananyamaza dakika nzima, ama anakupa ukweli mzimamzima. "Shati lako linanuka." "Hilo umeshauliza." Sasa nani atamwajiri msichana wa miaka ishirini na mitatu mwenye usonji, anayemwambia bosi shati lake linanuka? Nikamtafutia neno moja la kumfikisha popote. Akiombwa kitu: hakuna shida. Akipigwa kikumbo: hakuna shida. Akilisema vizuri na mikono ikiwa imetulia, nambandikia nyota ya karatasi kwenye daftari. Anazo mia mbili na kumi na nne. Anazihesabu kila asubuhi.

Rula yake ya plastiki, ile iliyompa jina pale kwenye kituo chetu cha mafunzo, nimemwachia. Iko mfukoni.

Kiwanda kinafua mashuka ya hospitali tatu. Kelele! Mashine sita za kufua, nne za kukausha, na ile pasi kubwa ya kuviringisha: shuka linaingia kwenye roli huku limelowa, linatoka kule limenyooka, na mvuke wake ukikupiga usoni unaona kizunguzungu. Mimi nimekuwa seremala miaka ishirini kabla ya kuwa mwalimu wa kazi, misumeno naijua, na bado kichwa kimeniuma hadi jioni. Yeye je?

Vifunika masikio viko kwenye mkoba wangu. Nimerudi navyo nyumbani. Sijui kwa nini sikumrudishia hata pale getini wakati wa kutoka.

Jumanne, 4 Machi

Ameng'ara leo. Mashuka mia na themanini, ukingo kwa ukingo. Kila baada ya kumi anatoa rula na kupima moja. Msimamizi — mama mnene, mkali, haongei mara mbili — kachukua moja, kaligeuza, kalirudisha. Akasema kwamba wafanyakazi wake wenye miaka saba kazini hawakunji hivi. Nilivimba kichwa kana kwamba nimekunja mimi.

Selotepu ya njano ipo sakafuni, hatua moja kutoka alipo Rula. Huo ndio utaratibu wetu kituoni: mwalimu hasogei mbele ya selotepu. Kila mwanafunzi akizoea, selotepu inarudi nyuma hatua moja, mpaka mwalimu anajikuta yuko nje ya mlango na mwanafunzi anafanya kazi peke yake. Utaratibu nilioubuni mimi. Huwa najisifu nao.

Ijumaa, 7 Machi

Selotepu hatua ya sita. Mkuu wa kituo kapiga simu mara mbili. Kwanza kunikumbusha kwamba katika vijana wetu wote hakuna hata mmoja aliyepata mkataba wa kudumu, Rula ndiye wa kwanza. Mara ya pili kunikumbusha kwamba alishanikumbusha. Ripoti yangu inatakiwa Ijumaa tarehe 21. Kiwanda wakiikubali, wanasaini.

Jambo moja. Saa tano mashine moja ya kukausha ililia king'ora, ile ya mwisho kabisa, karibu na Rula. Hakuruka. Hakupiga kelele. Aliendelea kukunja, mkono wa kushoto mfukoni, na mfukoni vidole vilikuwa vinakwenda mbio. Baadaye nikaona mdomo wa chini una damu. Kajing'ata.

Nilijitia hamnazo. Nikambandikia nyota. Nimeandika kwenye ripoti ya siku: "Ametulia vizuri mbele ya sauti kubwa."

Naisoma sentensi hiyo. Kila neno lake ni kweli. Ndiyo maana inanikera.

Jumatatu, 10 Machi

Selotepu imefika mlangoni, nami nakaa kwenye benchi la korido. Kwa utaratibu ningefika hapa wiki ya nne. Nimefika siku ya sita. Nilijiambia kwamba Rula ana kasi yake, lakini ukweli ni kwamba benchi lina mto na kule ndani kuna mvuke.

Ana wenzake wawili wa kikosi. Mmoja ni dada mrefu sana, namwita Mrefu kimoyomoyo. Mwingine namwita Kicheko, maana anacheka hata shuka likianguka. Leo nimewasikia kutoka koridoni wakicheka na Rula, muda mrefu, mpaka Kicheko anakohoa. Wanacheka naye! Miaka yote hii hajawahi kuwa na mtu wa kucheka naye. Nimeandika kwa herufi kubwa: UJUMUISHI UNAENDELEA VIZURI SANA.

Mama yake kanipigia jioni. Kasema siku hizi Rula anarudi na njaa ya ajabu, anamaliza sufuria. Nikamwambia, kazi hiyo, Mama, kazi inatafuna. Tukacheka.

Jumatano, 12 Machi

Nimekwenda kunyoa.

Naandika hapa kwa sababu kwingine kote nimeandika uongo. Jumamosi kuna picha ya kituo, ya kuning'inizwa ukutani pale mapokezi: mimi na Rula na msimamizi. Kinyozi yuko ng'ambo ya barabara. Nikasema dakika ishirini tu. Kulikuwa na foleni, halafu kinyozi akaanza stori za mkwewe, zikawa dakika sabini. Karatasi ya mahudhurio nimesaini: nilikuwepo saa moja hadi saa nane, bila kuondoka.

Nimerudi nikamkuta Rula anakunja. Vipi? "Hakuna shida." Mikono ya shati ameishusha hadi kwenye viganja, na kule ndani joto lile. Nikaona. Nikadhani anaona baridi — na hapa natia chumvi, sikudhani chochote, nilikuwa najiangalia kichwa kwenye kioo cha mlango.

Alhamisi, 13 Machi

Mama Rula kaja kituoni asubuhi kabla hatujaondoka. Hakukaa. Akampandisha binti yake shati mkono wa kushoto, taratibu, nami nikaona. Alama ndefu, nyekundu, imevimba malengelenge, katikati ya kiwiko na kiganja. Pasi kubwa.

Aliiona jana usiku wakati wa kumpa nguo za kulalia. Rula hakusema. Hakulia. Mama alimwuliza inauma? Hakuna shida. Nani kakuunguza? Hakuna shida. Ameuliza usiku kucha, kajibiwa hivyo usiku kucha.

Akanigeukia. "Mwalimu, wewe ulikuwepo. Ilikuwaje?"

Nikasema, "Nilikuwa nimegeuka kidogo, Mama."

Nimegeuka kidogo! Akakubali. Akasema ajali ni ajali, akasema hata yeye jikoni anaungua. Akasema anashukuru Mungu kwamba nilikuwa karibu. Halafu, kwa ukarimu wake tu, ili nisijisikie vibaya, akasema nimependeza, nimenyoa wapi.

Sijala mchana. Sijala jioni pia.

Ijumaa, 14 Machi

Leo nimegundua mambo mawili. Moja kuhusu Rula, moja kuhusu mimi. La kwangu nililijua zamani.

Wakati wa kutoka tulikaa kwenye benchi la korido. Nilitaka kumwuliza unajisikiaje, nikajua jibu lake. Ndipo nikakumbuka namna alivyokuwa kabla sijamtia mkononi: huyu mtu hajui kuficha kitu kinachopimika. Nikamwuliza, hiyo alama ni sentimita ngapi? Akajibu hapo hapo: "Nne na nusu. Leo nne na milimita tatu." Amekuwa anaipima! Iliingia saa ngapi? "Saa nne na dakika kumi na saba."

Saa nne na dakika kumi na saba nilikuwa nimefungwa kitambaa cheupe shingoni, namsikiliza kinyozi na mkwewe.

Basi nikaendelea. Nani alikuwa kwenye pasi kubwa? "Mimi." Ni kazi yako? "Ni ya Mrefu." (Hata yeye anamwita Mrefu, sijui kanisikia wapi.) Kwa nini ulikuwepo? "Aliniomba. Nikasema hakuna shida." Ulisimama hapo muda gani? "Jumatano masaa matatu na dakika arobaini. Jumanne masaa mawili na dakika tano. Jumatatu masaa mawili kamili." Na wao walikuwa wapi? "Nyuma, kwenye magunia. Wamekaa." Chakula chako cha mchana? "Kicheko aliomba mkate. Mrefu aliomba yai." Kila siku? "Kila siku isipokuwa siku ya kwanza."

Nikauliza kuhusu kile kicheko cha Jumatatu. Akanieleza kwa sauti ileile ya kusomea orodha. Walikuwa wanamwuliza maswali. Rula, tukunyoe nyusi? Hakuna shida. Rula, tukuingize kwenye mashine ya kufua? Hakuna shida. Rula, wewe ni mjinga? Hakuna shida. Yalikuwa maswali kumi na tisa.

"Nyota sikupata," akaniambia. "Hukuwepo ndani."

Jumamosi, 15 Machi

Picha imepigwa. Mkuu alikuwa na tai. Mpiga picha akamwambia Rula aweke mikono mbele, mimi nikasema hapana, nyuma ni bora, inaonyesha nidhamu. Mikono ikaenda nyuma. Kidonda hakionekani.

Walisema tabasamu. Nimetabasamu, na picha itaning'inia pale mapokezi.

Jumapili, 16 Machi

Nimemweleza mke wangu yote. Tulikuwa tunakunja nguo zetu wenyewe, nikashika shuka nikashindwa kuendelea. Alisikiliza mpaka mwisho, na huyu mwanamke kunyamaza si fani yake. Halafu akasema: mtoto alikuwa hajui kudanganya, ukamfundisha. Na wala si kudanganya watu wengine. Kujidanganya yeye.

Nilipandisha hasira. Nikasema nilimtafutia kazi! Nilimtoa chumbani! Miaka mitano alikuwa anakaa chumbani anapima pazia! Nikapiga meza, kikombe kikaanguka. Akaokota vipande. Akasema, sawa, umemtoa chumbani, sasa kawaseme kwa msimamizi waliomweka kwenye pasi.

Si rahisi hivyo. Nikisema kila kitu, nini kitatokea? Msimamizi hana muda wa kubembeleza mtu. Atasema kazi hii si ya kila mtu, mrudisheni. Na Rula anaipenda, Mungu ni shahidi. Anaamka mwenyewe saa kumi na moja. Kwao wanasema Jumapili anauliza mara sita kesho ni Jumatatu? Mama yake kasema ameanza kusema neno "sisi" akimaanisha kiwandani. Sisi tumepata mashuka mapya. Sisi tuna sabuni nyingine. Nikisema ukweli namnyang'anya hilo. Nikinyamaza, ataungua tena, kwa adabu.

Nami nitafukuzwa, hilo pia lipo. Nisijifanye halipo.

Jumatatu, 17 Machi

Nimebandua selotepu mlangoni. Nimesimama pembeni ya Rula tangu saa moja hadi saa nane, kama nguzo. Mrefu amekaa kwenye pasi yake mwenyewe siku nzima, mpole, "Mwalimu shikamoo". Kicheko hajacheka.

Asubuhi getini nilimrudishia vifunika masikio. Nimevibeba wiki mbili kama mwizi. Akavitazama. Hakuvigusa. Akasema, "Kazini watu hawavai hivi."

Nikasema nilikosea, Rula. Mwalimu alikosea. Unaweza kuvaa.

"Watakushangaa," akasema. Sauti yangu kabisa, hata kile kikohozi changu kidogo cha mwishoni.

Saa ya mapumziko tukaenda kwenye chumba cha magunia. Nikamwambia leo tunajifunza neno jipya: hapana. Nikafanya mfano, mimi naomba yai, yeye anasema hapana. Akanyamaza. Nikaomba tena. Vidole mfukoni vikaanza. Nikasema, Rula, sema tu, hapana. Akasema, "Hapana ina nyota ngapi?"

Nikasema haina nyota. Nikaona hilo ni jibu baya. Nikasema ina nyota kumi! Nikaona hilo ni baya zaidi. Nitakuwa nimemtoa kwenye kamba moja na kumfunga nyingine. Nikakaa chini kwenye gunia la foronya, mtu mzima mwenye wajukuu wawili, nikalia. Akanisubiri. Nilipomaliza akaniambia imekuwa dakika nne, na mapumziko yamekwisha.

Hakuisema hapana hata mara moja.

Jumatano, 19 Machi

Nimekwenda kwa Mama Rula jioni. Anakaa ghorofa ya tatu, ngazi hazina taa, nilihesabu vidato kama mwanawe. Rula alikuwa chumbani. Nikamwambia mama yake nilivyokuwa kwa kinyozi. Nikamwambia kuhusu pasi, kuhusu mkate, kuhusu maswali kumi na tisa. Nilisema bila kupumzika nisije nikapata upenyo wa kujitetea.

Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane, nilikuja na mgongo wangu tayari. Alikaa tu, anafuta meza ambayo haikuwa na kitu.

Mwisho akasema, "Na mimi nililipenda, Mwalimu."

Nini, Mama?

"Hilo neno. Ulipomfundisha." Akasema kabla ya hapo kila usiku ilikuwa vurugu. Blanketi linachoma, taa inalia, maji yana sauti, na majirani wanagonga ukuta. Halafu likaja hakuna shida, nyumba ikawa kimya. Akalala usiku mzima mara ya kwanza tangu amzae. Akajiambia mtoto amepona. "Blanketi ni lilelile," akasema. "Sikuuliza limeachaje kuchoma."

Tukakaa. Kule chumbani tukasikia Rula anahesabu nyota kwa sauti.

Mama aliponisindikiza hadi mlangoni alisema Ijumaa atakuja. Hakusema amenisamehe. Hakuniita Mwalimu tena, akasema tu, haya, usiku mwema.

Alhamisi, 20 Machi

Nimeandika ripoti mbili. Moja ni ya kurasa nne, nzuri, ina vichwa vya habari na asilimia. Nyingine ni ukurasa mmoja. Ile ya kurasa nne mkuu ameisoma kwenye simu, akasema kazi safi sana, nimekubeba moyoni.

Ile nyingine hajui ipo.

Nimesimama tena pembeni ya Rula leo, siku ya nne. Mashuka mia mbili na sita. Kaungua? Hapana. Kala chakula chake? Ndiyo, nimehakikisha, nilimkalia mbele mpaka akameza yai lote. Alikuwa anatafuna na kunitazama begani, anatafuna na kunitazama begani.

Ijumaa, 21 Machi

Naandika koridoni. Mikutano mingine mtu huandika baadaye, huu siwezi kungoja.

Tulikaa watano ofisini kwa msimamizi: yeye, mkuu na tai yake, Mama Rula, Rula, mimi. Mkuu akasema sasa mwalimu atatusomea. Nikatoa ukurasa mmoja.

Nilisoma mpaka mwisho. Kinyozi pia. Niliposoma "karatasi ya mahudhurio ya tarehe 12 si ya kweli" nilirudia mstari. Mkuu alikuwa anatazama meza. Hakuinua uso hata nilipomaliza, akawa anakunja na kukunjua ncha ya tai. Najua yanayonisubiri Jumatatu.

Msimamizi hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Aliomba kuona mkono. Mama Rula akampandisha shati. Msimamizi akautazama muda mrefu, akasema wale wawili waachie yeye, atajua cha kufanya nao, na akasema hivyo kwa namna ambayo nisingependa kuwa Mrefu. Halafu akasema lile nililoliogopa wiki nzima. Kwamba mashuka anayokunja Rula ni mazuri kuliko ya mtu yeyote humu. Lakini pale kuna joto, kuna mvuke, kuna mashine inayoweza kuchukua mkono mzima. "Nitamwachaje humu mtu anayeungua na kusema hakuna shida?"

Ana haki. Nimemtengenezea swali hilo mimi, kwa miezi mitatu na gundi.

Mkuu akaanza, labda tukiongeza mafunzo… Msimamizi akamkata. Akasema tumezungumza sisi wote isipokuwa mwenye kazi. Tutoke nje, atamwuliza mwenyewe, peke yao. Mama Rula akasita. Akamwuliza binti yake, tutoke, mwanangu?

"Hakuna shida," akasema Rula.

Tukatoka. Mkuu amekwenda hadi mwisho wa korido, anaongea na simu, au anajifanya. Mimi na Mama Rula tuko kwenye benchi. Mlango wa ofisi haufungi vizuri.

Msimamizi anauliza unapenda kazi? Hakuna shida. Unachoka? Hakuna shida. Mkono unauma? Hakuna shida.

Si hivyo! Hafiki popote kwa njia hiyo! Mwulize saa ngapi, mwulize sentimita, mwulize nani alikuwa wapi! Nimeinuka, nimeshafika kwenye kitasa. Mama Rula kanishika shati kwa nyuma. "Kaa," kasema. Si kwa ukali. Nimebaki nimesimama, naandika, daftari nimeliegemeza ukutani.

Msimamizi si mjinga. Kaanza upya. Jumatatu nikuweke kwenye pasi au kwenye kukunja? Kimya. Nimehesabu hadi kumi na mbili.

"Kukunja."

Mama Rula kavuta pumzi.

Asubuhi au mchana? "Asubuhi." Masikio ufunike au yaache wazi? "Yafunikwe." Sauti ya kalamu. Anaandika, yule mama, anaandika kila kitu.

Na mwalimu wako, kauliza. Arudi Jumatatu asimame pembeni yako, kama wiki hii?

Hapa nilianza kuhesabu nikaacha. Nilijua jibu. Miezi mitatu najua jibu.

"Hapana."

Hapana?

"Hapana," kasema Rula. "Akiwa pembeni yangu ni lazima niseme hakuna shida."

Mama yake ameniachia shati. Hanitazami. Korido ina mita kama thelathini, ningeweza kwenda hadi kule kwa mkuu, mahali ambapo sauti haifiki, maana haya hakuyasema ili niyasikie mimi. Ndilo jambo la adabu. Miguu haijaondoka.

Msimamizi kasema, endelea, naandika. Rula kasema ana mambo mengine kuhusu mwalimu, atayataja kwa mpangilio. La kwanza kalisema. Sitaliandika hapa.

"La pili," anasema Rula, nami nafunga daftari.